Matundu ya bodi ya saketi: lipi liwe na shaba ndani, lipi lisiwe nayo, na ukubwa gani?

Kadutu_12V (Bukavu)

Jambo yenu wakubwa. Ninachora bodi ya kidhibiti cha chaji ya sola: 12 V, ampea 10, tabaka mbili za shaba, unene 1.6 mm, shaba ya mikromita 35. Sampuli imerudi kutoka kiwandani na tatizo lote liko kwenye matundu.

Pini za heda (safu ya pini za kuchomekea waya), zile za mraba za 0.64 mm, nilizipa tundu la 0.7 mm. Haziingii hata kwa kusukumwa. Jeki ya DC (tundu la kuchomekea plagi ya umeme) ina miguu bapa, nikaiwekea matundu ya duara ya 3 mm, na sasa risasi inamwagikia upande wa pili kabla ya kushika mguu. Matundu manne ya skrubu za M3 kwenye kona yamekuja na shaba ndani, na mimi sikuomba hivyo. Na kwenye njia ya shaba ya ampea 10 niliweka via moja (tundu la kupitisha umeme toka tabaka moja hadi nyingine) ya 0.3 mm, inachemka mpaka rangi ya kijani inageuka kahawia.

Naomba vipimo, pamoja na sababu zake. Kurudia sampuli bila kujua sababu ni kutupa pesa.

---

Birere_Risasi (Goma)

Kaka, umeanza na tundu. Anza na kile kinachopita ndani yake. Kuna tundu la mguu wa kipuri, tundu la umeme peke yake (ndiyo via), tundu la skrubu, na tundu la kupitisha hewa tu ili umeme usivuke. Kila moja lina hesabu yake.

Heda kwanza. Pini ya mraba hupimwa kona kwa kona, si upande kwa upande. 0.64 mara 1.41 ni 0.9 mm. Tundu la 0.7 halikuwa na nafasi hata siku moja. Kanuni inayofanya kazi: chukua unene mkubwa kabisa wa mguu, ongeza 0.2 hadi 0.25 mm. Kwa heda fupi hata 1.0 mm inaingia. Ikiwa ni heda ndefu ya pini 20 nenda 1.1, kwa sababu pini nyingi hazinyooki zote kwa pamoja na moja iliyopinda inazuia wenzake.

Halafu kuna jambo linalowaponza wengi: kipimo unachoandika kwenye faili ni cha tundu lililokamilika, baada ya shaba kupakwa ndani. Kiwanda kinatoboa kwa biti kubwa zaidi, 0.1 hadi 0.15 mm juu ya kipimo chako, kisha shaba inalirudisha tundu kwenye ukubwa ulioomba. Usiongeze wewe tena. Ila kumbuka uvumilivu wao, yaani kiasi wanachoruhusiwa kukosea: viwanda vingi vinajipa +0.13 na −0.08 mm kwa tundu lenye shaba. Yaani 0.7 yako ingeweza kuja 0.62 na wasiwe na kosa lolote.

Kwa vipuri vya kila siku: rezista ya robo wati na IC (chipu) za miguu pande mbili, 0.8 hadi 0.9. Diodi ya 1N4007, 1.1. Diodi nene ya 1N5408 ina mguu wa karibu 1.3, ipe 1.6. Mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima umeme) yenye kasha la TO-220, 1.2. Tamino ya skrubu (ya kukazia waya) yenye nafasi ya 5.08 mm, mara nyingi 1.3, lakini hizi zinatofautiana mno. Shika kalipa upime ile uliyo nayo mkononi, usiamini mchoro wa kipuri kingine.

Kwa nini usiweke kubwa tu ili upumue? Risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya tundu kwa kuvutwa na upenyo mwembamba kati ya mguu na ukuta wa shaba. Upenyo ukizidi, mvuto unakwisha na uzito unashinda. Hicho ndicho kinachokutokea kwenye jeki: mguu bapa wa chini ya milimita moja katikati ya tundu la 3 mm, pembeni pamebaki mlango wazi. Jeki inataka ufa (tundu refu jembamba), si duara. Pima upana na unene wa mguu, ongeza 0.2 mm kwenye kila kimoja. Mguu wa 2.6 kwa 0.7 unataka ufa wa 2.8 kwa 0.9, wenye shaba ndani. Angalia ukurasa wa uwezo wa kiwanda chako, vingi havipaki shaba kwenye ufa mwembamba kuliko 0.5 au 0.6 mm.

Skrubu. Programu nyingi za kuchora zina alama mbili za tundu la skrubu, moja yenye padi (pete ya shaba ya kulehemia kuzunguka tundu) na moja bila padi. Umechukua ya kwanza. Kwa M3 weka 3.2 mm, bila shaba, bila padi. Tundu lisilo na shaba huja na kipimo kamili zaidi, kawaida ±0.05 mm. Lenye shaba nalo lina kazi: unapotaka kisanduku cha chuma kiungane na ardhi ya bodi (shaba ya pamoja ya upande hasi) kupitia skrubu. Hapo panga via ndogo 6 hadi 8 kuzunguka tundu, kwa sababu meno ya skrubu yanakwangua ukuta wa ndani, na ukuta ukikatika zile ndogo zinabaki kuunganisha juu na chini.

Na kichwa cha skrubu usikisahau. Washa ya M3 ina upana wa 7 mm. Chora duara la 8 mm pande zote mbili na usipitishe njia yoyote ndani yake. Rangi ya kijani si kizuizi cha umeme cha kuaminiwa. Skrubu ikikazwa na kuzungushwa mara tatu, rangi imekwisha, na chanya ya betri iko kwenye kisanduku.

---

Kamalondo_Fundi (Lubumbashi)

Mkubwa wa Birere amemaliza upande wa vipuri. Mimi nichukue via, maana huku kwetu kwenye shaba tusipojua hesabu ya shaba ni aibu.

Via ni bomba dogo. Umeme haupiti kwenye tundu, unapita kwenye ukuta. Kiwango cha IPC (shirika la viwango vya bodi za elektroniki) kinataka ukuta uwe na wastani wa mikromita 20 kwa bodi za daraja la 2 na 25 kwa daraja la 3, lile kali zaidi. Sasa likunjue bomba hilo kama karatasi: mzingo wa tundu la 0.3 mm ni 0.94 mm, mara 0.02, unapata kama 0.019 mm² za shaba. Hiyo ni sawa na njia ya mikromita 35 yenye upana wa nusu milimita na ushee. Ulipitisha ampea 10 kwenye uzi, ndiyo maana kijani kimekuwa kahawia.

Njia ya ampea 10 juu ya bodi, shaba ya mikromita 35, ikiruhusiwa kupanda joto la digrii 10 hivi, inataka upana wa karibu 7 mm, sawa na 0.25 mm². Via ya 0.4 mm ina 0.025 mm². Kwa hiyo 10 zinatosha kwenye karatasi, weka 12. Zitawanye kwenye eneo lote ambapo shaba ya juu na ya chini zinalaliana. Ukizipanga mstari mmoja kufuata umeme, mzigo haugawanyiki sawa, nyingine zinabeba na nyingine zinatazama.

Lakini kabla ya kuzihesabu, angalia kama unazihitaji. Mguu wa tamino wenyewe ni via nene kuliko zote: shaba ya ukuta, risasi iliyoujaza, na chuma cha mguu. Leta njia ya juu na ya chini zote mbili kwenye padi ya tamino, umeme utagawanyika hapo bila via hata moja.

Padi kuzunguka via: tundu la 0.3 na padi ya 0.6 linakubaliwa hata na viwanda vya bei ndogo. Ukipunguza padi, biti ikihama kidogo tundu linatoka nje ya shaba upande mmoja. Pale mahali njia inapoingia kwenye padi ndipo pabaya zaidi pa kukatika. Wenye uzoefu huweka umbo la chozi hapo.

Kuna via za aina nyingine: zinazoanzia juu na kuishia katikati, zilizofukiwa kati ya tabaka za ndani zisionekane kabisa, na zile za leza zisizozidi 0.15 mm. Ni za simu na bodi za tabaka nyingi. Kwa tabaka mbili hazikuhusu, usizilipie.

Kama unataka kujaribu mchoro kwa mkono kabla ya kurudisha kiwandani: tundu la nyumbani halina ukuta wa shaba, kwa hiyo linabadilisha uchoraji. Padi iwe na shaba ya angalau 0.5 mm kuzunguka tundu, la sivyo inabanduka. Acha nukta tupu ya 0.4 mm katikati ya kila padi ili dawa ya kloridi ya chuma iyeyushe shaba hapo. Biti itakaa kwenye kishimo hicho bila kuteleza. Toboa baada ya dawa kula shaba, na kipande cha mbao laini chini. Biti ya chuma cha kawaida inachoka upesi kwenye bodi ya nyuzi za kioo. Dalili utaiona kwa jicho: badala ya kukata, inasukuma, na upande wa kutokea panakuwa na pete nyeupe, shaba imeinuka kama ukingo wa sahani. Itupe hapo hapo. Biti ya kabaidi inadumu sana lakini haitaki mkono, ukiyumba kidogo inakatika. Ifunge kwenye stendi, mzunguko wa kasi. Vumbi lake ni kioo: vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji, usipulize.

Kuunganisha juu na chini, pitisha mguu uliokatwa wa rezista, ukunje kidogo pande zote, lehemu pande zote. Usiweke via ya namna hiyo chini ya soketi ya IC wala chini ya tamino, hutafika kuilehemu juu. Vipuri ambavyo tumbo lao linafunika padi, kama kapasita kubwa, ziletewe njia upande wa chini tu.

---

Kadutu_12V (Bukavu)

Aksanti sana wakubwa. Heda, jeki na skrubu nimeelewa, narekebisha leo. Mbili zimebaki.

Moja, nimebadilisha mosfeti ya TO-220 na ya kulala kwenye bodi, ile yenye kisahani cha chuma chini, ili kisanduku kiwe chembamba. Joto nalitoaje? Pili, mteja anataka rilei (swichi inayowashwa na koili) ya kuwasha chaja ya 220 V kwenye bodi ileile, ikiendeshwa na optokapla (kipuri kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila umeme kuungana). Nimeona bodi nyingine zina ufa mrefu chini ya optokapla. Ule ni wa nini, na upakwe shaba?

---

Volti_Kivu (Goma)

Ndugu wa Kadutu, nianze na ufa, kwa sababu huo ukikosewa mtu anakufa.

Ule ufa usipakwe shaba kamwe. Shaba ndani yake ni daraja, na wewe unataka bonde. Umeme wa 220 V hautambai hewani kirahisi, unatambaa juu ya ngozi ya bodi: vumbi likilala, unyevu wa usiku ukalilowesha, uchafu wa flaksi (dawa ya kulehemia) ukaongezeka, polepole panachorwa njia nyeusi ya kaboni mpaka siku moja inawaka. Ufa unaikata ngozi hiyo, umeme ulazimike kuzunguka ncha za ufa. Kwa mazingira ya kawaida ya ndani, ufa mwembamba kuliko 1 mm hauhesabiwi kuwa umeongeza umbali. Kwa hiyo biti ya kusaga ya 1 mm ndiyo ya chini, mimi ningeweka 1.5. Uchore uzidi padi za kwanza na za mwisho kwa milimita 3 hivi kila upande. Ukiishia sawa na padi hujafanya kitu.

Umbali wenyewe: kati ya upande wa 220 V na upande wa 12 V weka si chini ya 6 mm kila mahali. Optokapla ya miguu minne ina 7.62 mm katikati ya mistari ya miguu. Ukiweka padi za upana wa 1.6 unabaki na 6 mm kamili. Ukiweka padi nono za 2.5, zimebaki 5.1, na ndiyo hapo ufa unapookoa. Usipitishe njia, wala maandishi ya shaba, wala shaba ya kujazia ardhi, katikati ya optokapla. Programu inajaza yenyewe usipoikataza, chora eneo la marufuku tabaka zote mbili.

Rilei fanya vivyo hivyo kati ya miguu ya koili na ile ya swichi. Na miguu ya rilei ipewe tundu lenye shaba, si bodi ya upande mmoja. Bodi za rahisi za karatasi na gundi, zile za rangi ya kahawia ambazo matundu yake hupigwa kwa kishindo kiwandani, hazina ukuta ndani. Rilei na transfoma zikitikiswa na kupata joto na baridi, risasi inapasuka duara kuzunguka mguu. Ukitazama kwa lenzi unaona mstari mwembamba kama unywele, mguu umesimama peke yake katikati ya pete.

Sasa mosfeti. Chini ya kisahani chake panga via za 0.3 mm, umbali wa 1.2 mm katikati hadi katikati. Hizi si za umeme, ni za joto: zinalipeleka kwenye shaba pana ya upande wa chini. Bila shaba pana huko chini, via 20 ni bure. Shida yake ni moja: zikiwa wazi, risasi ya kisahani inanyonywa na kutokea chini kama shanga, juu panabaki mapengo. Ndiyo maana hapo tundu lisizidi 0.3. Kuzifunika kwa rangi upande wa chini kunasaidia. Kujazwa kiwandani ni bora zaidi na bei inapanda.

Padi za tamino ziunganishe na shaba pana moja kwa moja, bila vile vijiti vinne vyembamba vya shaba ambavyo programu huweka kuiunga padi na shaba inayoizunguka. Kijiti cha 0.5 mm kikiwa vinne ni 0.07 mm² tu za shaba. Ampea 10 haiwezi kupita hapo kwa amani.

---

Birere_Risasi (Goma)

Dada Volti, kwa hili la mwisho nakupinga kidogo. Padi iliyozama kwenye shaba pana pande zote mbili hailehemiki kwa pasi ya wati 40. Joto linakimbilia kwenye shaba, risasi inaganda juu kama tone, ndani ya tundu hamna kitu. Ukitazama upande wa pili unaona mguu mkavu. Kiwango kinataka risasi ijaze tundu angalau robo tatu ya unene wa bodi. Halafu siku tamino inabadilishwa, fundi anavuta na kibomba chote cha shaba kinatoka kimeng'ang'ania mguu, kama jino na mzizi wake.

Suluhisho la kati: acha vijiti vinne, lakini uvipe upana wa 1.5 hadi 2 mm. Vinne vya 1.5 ni 0.21 mm² kwa tabaka moja, na una tabaka mbili.

Kwa wanaotengeneza: tundu lililoziba usilitoboe kwa biti, utakula ukuta. Ongeza kwanza risasi mpya yenye flaksi, pasha bodi nzima kwa hewa ya joto hadi kama digrii 100, kisha pasi upande mmoja na sindano ya chuma cha pua au kijiti cha meno upande wa pili. Risasi haishiki chuma cha pua. Kibomba kikishatoka, kwenye bodi ya tabaka mbili waya mwembamba uliolehemiwa juu na chini unaokoa. Kwenye bodi ya tabaka nne kinaweza kuwa kimeondoka na muungano wa tabaka za ndani. Hapo pima kwa mita kila mahali mguu ule ulipopaswa kufika.

---

Volti_Kivu (Goma)

Nakubali vya 2 mm, Birere. Vya 0.5 ndivyo nilivyokuwa navipiga vita.

---

Kamalondo_Fundi (Lubumbashi)

Kadutu, kabla ya kutuma tena. Toa faili mbili za matundu, moja ya yenye shaba na moja ya yasiyo nayo. Zikichanganywa kwenye faili moja kiwanda kinabahatisha, na kwa kawaida kinabahatisha upande wa shaba. Hiyo nayo inaweza kuwa sababu ya zile skrubu zako. Zifungue kwenye programu ya kutazama juu ya tabaka za shaba, si kwenye programu uliyochorea. Matundu yakionekana yamekusanyika kwenye kona moja au yametawanyika nje ya bodi, ni milimita zimesomwa kama inchi, au inchi kama milimita. Kisha vuta karibu sehemu nne: pini ya kwanza ya heda, ufa wa jeki, tundu la kona, na ufa wa optokapla. Kwa nyufa, andika pia kwenye maelezo ya oda: "ufa wa jeki una shaba, ufa wa optokapla hauna," pamoja na vipimo vyake, kwa sababu viwanda vingine vinasoma nyufa kwenye faili ya matundu na vingine kwenye mstari wa mipaka ya bodi. Ukikuta ufa mmoja uko sehemu zote mbili, futa mmoja.

---

Kadutu_12V (Bukavu)

Nimefungua faili ya zamani sasa hivi: matundu yote yamo kwenye faili moja, skrubu na heda pamoja. Na ufa wa jeki niliouongeza jana umetokea kwenye mipaka ya bodi, kwa hiyo ungekuja bila shaba. Nauhamishia kwenye matundu. Kamalondo, tamino nilizo nazo zimepima mguu wa 1.0 kwa 0.8, kona kwa kona 1.28. Naweka 1.5, sivyo?

---

Kamalondo_Fundi (Lubumbashi)

Ndiyo, 1.5. Na padi ya 3 mm.